Bustani ya Maji ya Udhu

Mwezi wa Oktoba, msafiri atokaye Geita kuja Shinyanga huviacha vilima vya machimbo ya dhahabu akaingia katika mbuga zilizokauka. Lakini nchi hii haikuumbwa tupu. Zama za ukoloni miti mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakazidi kuenea. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukahimiza ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyapumzisha. Palipopumzishwa, miti ilichipua tena katika mizizi ya kale.

Nasi uani kwetu tuna bustani ndogo ya mrehani na asumini, na mwarobaini mmoja. Jirani alituuliza: “Maalim, yafaa kumwagilia maua, na maji ni ya taabu hivi?” Tukamwonyesha beseni. Maua yetu hunywa maji tuliyokwisha kutilia udhu.

Mvua za kwanza za Novemba ziliposhuka, asumini ilichanua. Na yale maua mekundu ya mviringo, ambayo kiangazi chote hayakuwa na hata jani, yakachomoza katika udongo mtupu. Watoto wakastaajabu. Tukawaambia kwamba Qurani yatutaka tuitazame ardhi iliyokufa ikihuishwa, tupate kuyakini kufufuliwa kwetu.

Enyi vijana, pandeni! Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba apandapo Mwislamu mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Dhahabu huchimbwa ikaisha. Sadaka hiyo haikomi maadamu mti wazaa.