Kiarabu cha Bibi Yake



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunaeleza kosa letu wenyewe. Sisi tunasomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, na umri umeshapita miaka 40. Mtu wa umri huo hudhani watoto ameshawajua wote. Miaka michache iliyopita tuliletewa mtoto wa kike wa miaka 6, aliyezaliwa Maskati, mama yake mwenyeji wa mtaa huu huu. Siku ya pili tu, wenzake wakisoma alifu na be, yeye akaanza kuimba kwa Kiarabu huku akigonga ubao kwa vidole. Ulikuwa wimbo wa Qaranqasho, ule ambao watoto wa Oman huuimba katikati ya Ramadhani wakipita nyumba kwa nyumba na kupewa peremende na karanga. Tulimsimamisha ukutani, tukamwambia madrasa si mahali pa ngoma.

Hakurudi wiki nzima. Kisha akaja mama yake, akatoa salamu kwa adabu, akasema: "Maalim, mtoto ananiuliza kama Kiarabu cha bibi yake ni haramu."

Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulifungua vitabu. Hadithi yenyewe tulishaisoma mara nyingi, nayo imo katika Bukhari na Muslim: Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), mtoto aitwaye Abu Umayr, akimwuliza habari za ndege wake mdogo, nughayr. Hebu yatamkeni maneno hayo mawili, Umayr na nughayr. Yana kina kimoja! Na Bukhari amepokea pia kwamba Abu Bakr (R.A.) alimbeba Hasan, akasema amefanana na Mtume, hakufanana na Ali, na Ali (R.A.) yupo hapo anacheka. Waarabu wana jina la jambo hili, tarqiis, yaani kumrusharusha mtoto mikononi kwa maneno yenye vina. Sisi miaka yote tulizipita hadithi hizo tukitafuta hukumu, tusimwone mtoto aliyemo ndani yake.

Tena tajwidi tunayoisomesha tunaitoa katika Tuhfatul Atfaal ya Sheikh Sulayman al-Jamzuri, beti 61, na maana ya jina lake ni zawadi ya watoto. (Suala la ala za muziki lina wanavyuoni wake. Hapa tunasema juu ya sauti ya mtoto na vidole vyake.)

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwao tukamwomba radhi. Alijificha nyuma ya kitenge cha mama yake, hakusema neno. Siku ya tatu alikuja madrasa, na sisi tukakaa mkekani pamoja na watoto, akatufundisha yeye.

Baada ya hapo tulitafuta nyimbo nyingine, na hapa wazazi tuangalie. Watoto walijifunza bembelezi la Lebanon linaloitwa Yalla Tnam, ambalo Fairuz naye aliliimba. Mzee mmoja akipita nje aliwasikia, akasimama, akainua mikono, akaitikia amin. Masikini, wimbo ule unamwahidi mtoto kwamba akilala atachinjiwa njiwa! Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana ni wangapi kati yetu tunaoitikia vivyo hivyo kila siku, tusijue kilichosemwa?

Jambo jingine ni kwamba nyimbo hizi ni za lahaja, Kiomani au Kilebanoni, na mtoto hatazikuta hivyo katika Qur'ani. Vitabu ndivyo vyenye fus-ha. Kamil Kilani wa Misri (1897–1959) alitoa Sindbad yake kwa watoto mwaka 1927, kwa Kiarabu fasaha. Jarida la Majid lilianza Abu Dhabi mwaka 1979, na mwaka huo huo Kuwait ilitoa kipindi cha televisheni cha Iftah ya Simsim, nacho kikasema fus-ha ili kieleweke katika nchi nyingi za Kiarabu. Kwa maoni yetu mtoto apewe vyote viwili, wimbo kwanza.

Ndugu yetu anayekwenda Hijja, Umra au Dubai, akibakiwa na nafasi kwenye begi baada ya tende, tunamwomba kitabu kimoja cha watoto, chenye irabu. Kisicho na irabu hata sisi maalim hutukwamisha, tuseme kweli.

Tulivyo navyo ni vitatu. Sindbad wetu amekosa kurasa za mwisho. Yule binti ndiye anayewasomea wadogo kila Jumamosi, na akifika palipochanika hasiti, huendelea tu, Kiarabu na Kiswahili pamoja, na kila Jumamosi Sindbad hufika nyumbani kwa njia nyingine.

Wabillahi tawfiq.