Muuza Maua na Mabwana wa London

Uungwana wa mabwana wa London, katika miaka ya mwanzo wa karne ya ishirini, ulikuwa jambo la kutazamwa. Ulitazamwa karamuni na penye mashindano ya farasi, na usiku ulitazamwa katika majumba ya michezo. Wenye vyeo waliingia kwa mlango wao, wamevaa mavazi ya jioni, wakaketi karibu na jukwaa. Watu wa senti chache waliingia kwa mlango wa kando, wakapanda ngazi ndefu hata viti vya chini ya dari. Michezo mingi iliyopendwa ilisimulia habari za mabwana na mabibi kama wale walioketi mbele. Basi tajiri alilipa ili ajitazame, na maskini alilipa ili amtazame ajitazamaye.

Waigizaji wenyewe walikuwa wamepanda daraja. Sheria za kale za Uingereza ziliwahesabu pamoja na wazururaji. Lakini mwaka 1895 Henry Irving alipewa cheo cha Sir, wa kwanza katika kazi hiyo, na mwaka 1909 Herbert Beerbohm Tree, mwenye jumba la His Majesty's, alipata cheo hicho. Wenye vyeo nao walilitamani jukwaa. Mwaka ule ule wa 1909 Jennie, mama yake Winston Churchill, alitoa mchezo alioutunga mwenyewe, His Borrowed Plumes, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Bibi Patrick Campbell, mjane aliyeitwa kwa jina la marehemu mumewe kama ilivyokuwa desturi. Mchezo haukudumu. Kilichodumu ni mazoea baina ya mwigizaji na mume wa mtungaji, George Cornwallis-West, ambaye umri wake ulilingana na ule wa Winston. Tarehe 6 Aprili 1914 talaka ya Jennie ilitimia. Siku ile ile George akamwoa Bibi Campbell.

Siku tano baadaye bibi arusi huyo, mwenye umri wa miaka 49, alitoka jukwaani katika jumba la Tree akiwa Eliza, msichana auzaye maua njiani. Mchezo ulikuwa Pygmalion, wa George Bernard Shaw. Higgins, bingwa wa matamshi, anajigamba kwamba kwa miezi michache ataweza kumfundisha msichana huyo kusema hata apokewe kama bibi wa ukoo mkubwa, naye anaweza. Lakini wengi usiku ule walikuja kungojea neno moja tu, tusi la mitaani ambalo Eliza analitamka kwa sauti ya kiungwana kabisa. Lord Chamberlain, mkuu wa jumba la mfalme, ambaye hadi mwaka 1968 mchezo wa hadhara haukuchezwa bila idhini yake, alikuwa ameliacha lipite. Ofisi iyo hiyo ilikuwa imeukataza mchezo mwingine wa Shaw, Mrs Warren's Profession, unaoeleza jinsi umaskini uwauzavyo wanawake. Tusi lilipita, ukweli ulizuiwa.

Kicheko cha usiku ule kilifunika jambo zito zaidi. Kile ambacho mabwana walidhani kimo katika damu yao, Shaw alionyesha kimo kinywani, tena chaweza kufundishwa kama hesabu. Ila mwalimu ambadilishaye mtu ulimi hakujiuliza mtu huyo atakwenda wapi. Eliza hawezi kulirudia kapu lake la maua, wala hana mali ya kumweka miongoni mwa wale ambao sasa asema kama wao. Wasomi wa lugha wangefaa kukaa kitako mahali hapa kuliko penye tusi.

Tree hakupenda watazamaji waondoke na swali hilo. Kabla ya pazia kushuka alimtupia Eliza maua, ili watu waende zao na tumaini la harusi. Shaw alikasirika, mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu kitabuni, akamwoza Eliza kwa Freddy, kijana wa ukoo mzuri asiye na fedha, akawafungulia duka la maua. Maelezo hayo yana werevu mwingi, lakini yanafanana mno na hesabu ya mtu anayetaka kufunga daftari.

Bibi Campbell hakufunguliwa duka. Mwanawe wa kiume aliuawa vitani mwaka 1917, ndoa yake ilivunjika, fedha zikamwishia. Alichokuwa nacho ni barua za Shaw, ambaye aliwahi kumpenda sana. Mwaka 1922 Shaw alimruhusu kuchapisha baadhi yake, zimekatwakatwa. Zilizosalia alizikataza maadamu mkewe yu hai, asije akamwaibisha. Bibi Campbell alikufa Pau, Ufaransa, Aprili 1940. Mke wa Shaw alikufa mwaka 1943, na Shaw mwaka 1950. Barua zilitoka mwaka 1952.