Msitu Unaochanua kwa Zamu

Msafiri atokaye Kamembe, wilayani Rusizi, Cyangugu ya zamani, akishika barabara ya Huye, huyapita mashamba ya chai ya Gisakura, kisha huingia msitu wa Nyungwe. Humo, chini ya miti, huota kichaka ambacho wataalamu hukiita Mimulopsis. Miaka kadhaa hupita kikiwa majani matupu, wala hakuna akitazamaye. Kisha, msimu mmoja, vichaka vya bonde zima huchanua kwa pamoja, maua meupe yenye zambarau hafifu, na nyuki huvuma kutwa. Vikishazaa mbegu, hufa vyote. Aliyekosa kuyaona hana budi kungoja miaka mingine.

Asali nayo iliwavuta watu msituni. Warina asali walikwenda na mienge ya kufukuzia nyuki, na cheche moja wakati wa kiangazi si jambo dogo: katika ukame wa mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu za Nyungwe. Mwaka 2023 UNESCO iliutia msitu huo katika Urithi wa Dunia. Siku hizi vyama vya wafugaji huweka mizinga pembezoni, nje ya mpaka. Nyuki wenyewe huingia bila kibali.