Tarehe Isiyogeuka katika Andalio la Somo

Nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha huko Buseresere, nilimtendea mwanachuo mmoja jambo ambalo hadi leo linanitia haya. Nalieleza hapa kwa kuwa wengi wenu sasa huandika maandalio kwa kompyuta.

Kijana huyo alinikabidhi maandalio kumi na mawili ya Hisabati, Darasa la Nne, yaliyochapwa vizuri. Malengo yalikuwa wazi, zana zilitajwa, hata tathmini ya kila somo ilikuwa imejazwa. Lakini yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, yalibeba tarehe moja tu, ile ya jana yake. Nikaamua kwamba ameyatunga usiku mmoja kwa ajili ya macho yangu. "Mkufunzi, niliandaa kila siku," alisema kwa upole. Sikumsikiliza. Katika kipengele cha maandalizi nikampa alama ya chini kabisa.

Kilichomwokoa ni madaftari ya wanafunzi. Nilipoyapitia wakati wa mapumziko, niliona kila zoezi limeandikwa tarehe yake kwa penseli, kama ilivyonakiliwa kutoka ubaoni, na mada za siku zile zililingana na maandalio yake moja baada ya jingine. Mtoto wa Darasa la Nne hana sababu ya kughushi tarehe.

Tulikwenda pamoja kwenye steshenari alikochapishia. Alipofungua faili la wiki ya kwanza, tarehe ilisomeka ya siku ileile tuliyosimama pale.

Chanzo chake ni hiki. Katika programu ya Microsoft Word, ukiingia kwenye Insert, kisha Date & Time, utaona kisanduku chenye maneno Update automatically. Kikiwa na alama ya vema, kinachowekwa si maandishi bali ni agizo la kusoma saa ya kompyuta, nalo hutekelezwa upya kila faili linapofunguliwa. Ondoa alama hiyo kabla ya kukubali, na tarehe itabaki kama ilivyo. Afadhali zaidi, iandike mwenyewe kwa vidole vyako. Ni tarakimu chache tu. Ikiwa tarehe igeukayo imekwisha kuingia, iteue, kisha bonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja, nayo itageuka maandishi ya kawaida. Lakini angalia: kitakachobaki ni tarehe ya leo, hivyo huna budi kuisahihisha kwa kufuata kumbukumbu zako.

Jambo hili halihusu maandalio peke yake. Buseresere imo Wilaya ya Chato, ambayo ilikuwa ya Mkoa wa Kagera hadi ulipoanzishwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Barua ya shule ya mwaka 2010 itajayo Kagera ni sahihi kabisa. Ifungue leo ikiwa na tarehe igeukayo, na msomaji atadhani mwalimu mkuu hajui mkoa anaoishi.

Alama ile niliifuta, nikamwomba radhi kijana yule mbele ya mwalimu wa darasa. Aliipokea radhi yangu kwa heshima. Hata hivyo, siku zote zilizobakia za mazoezi aliandika maandalio yake kwa mkono.