Bibi anasema hakuvuka mpaka wowote

Tuliahidi kuandika juu ya nafasi za masomo, lakini kumetokea jambo. Masomo yatangoja kidogo.

Mwenzetu mmoja, dada wa kutoka Masisi, aliitwa kwenye mahojiano. Mliopita huko mnajua: kiti, kompyuta, mkalimani, na maswali yale yale kwa mara ya tano. Akaulizwa bibi yake alizaliwa wapi. Akajibu, Rwanda, upande wa Gitarama. Afisa akatazama kompyuta yake, akasema: mama yako alituambia Masisi. Basi. Faili ikawekwa pembeni, ati maelezo hayapatani. Dada akarudi Kimisagara, tunakokutana kila Jumamosi, akakaa kimya mpaka chai yake ikapoa.

Wengine tulimwambia angejibu tu kama mama yake. Wengine tukasema hapana, ukweli ni ukweli. Tukabishana. Mwishowe tukampigia bibi mwenyewe, yuko kambini Kiziba, tukaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Bibi, ulivuka mupaka mwaka gani?"

"Mupaka gani? Mimi sikuvuka mupaka. Nilikuwa mutoto, tulipanda lori, tukashuka Gishari. Muzungu wa huku na wa kule alikuwa ule ule."

Tulicheka kwanza. Halafu tukaona kwamba bibi yuko sahihi kuliko faili. Jumamosi mbili tumesoma na kuulizana, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze hapa hapa Kigali. Mji huu tunaoupanda na kuushuka kila siku ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani, Richard Kandt, daktari aliyekuja kutafuta chanzo cha mto Nile akaishia kuwa mwakilishi wa serikali yake. Nyumba yake sasa ni makumbusho, iko Nyarugenge. Wakati ule Wajerumani walikuwa Rwanda, Wabelgiji Congo, Waingereza Uganda, na kila mmoja anamchungulia mwenzake kwa sababu ya ziwa na milima. Mwaka 1910 wakakaa Brussels wakagawana. Rutshuru ikabaki kwa Wabelgiji, Bufumbira kwa Waingereza, Rwanda iliyobaki kwa Wajerumani. Watu waliokuwa wanaongea Kinyarwanda huko hawakuhama hata hatua moja, ni mstari tu uliowakuta nyumbani. Katika kikundi chetu tuko na kijana wa Rutshuru ambaye tangu utoto anaambiwa "rudi kwenu Rwanda", na ukoo wake wote umezikwa kilima kimoja, kule kule Rutshuru.

Kisha ikaja vita ya 1914. Ugomvi ulianza Ulaya, lakini ilipofika Septemba mwaka ule Wajerumani walikuwa wameshaiteka Ijwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Mei 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Kigali, na Septemba likafika Tabora. Tunaposema jeshi la Wabelgiji tuelewane: maafisa walikuwa Wabelgiji, askari walikuwa Wakongomani, na mizigo ilibebwa na wapagazi waliokamatwa vijijini. Rwanda ilipata njaa kubwa miaka ile, wazee wanaiita Rumanura. Ukifika Dar es Salaam kuna Kariakoo, na jina lile limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyo hiyo. Soko lina jina lao, wao wenyewe wengi hata kaburi halijulikani.

Vita ikaisha, wakubwa wakagawana tena. Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi. Gisaka, kule mashariki, ikakatwa ikapewa Waingereza kwa sababu walitaka kupitisha reli. Reli haikupita, na kwenye mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Mtu wa Gisaka alilala chini ya Mjerumani, akaamka kwa Mbelgiji, akapewa Mwingereza, akarudishwa kwa Mbelgiji, yote kabla mtoto wake hajamaliza shule ya msingi. Kama shule ingekuwepo.

Na hapa kuna kitu kilichotushangaza sana. Aliyeidhinisha ugawaji huu ni Ushirika wa Mataifa, mama wa Umoja wa Mataifa wa leo. Mwaka 1922 Ushirika huo huo, kupitia Mnorwe Fridtjof Nansen, ulitoa hati ya kwanza ya kimataifa ya mkimbizi, kwa Warusi waliokuwa wamepoteza nchi yao. Yaani karatasi tunayoibeba mfukoni na mistari iliyotufanya tuibebe zimepita ofisi moja. Mmoja wetu alisema, "Ni kama fundi anayetoboa paa halafu anakuuzia ndoo." Tulimwambia apunguze ukali. Ndoo nayo imewaokoa watu wengi, sisi wenyewe tukiwemo.

Turudi kwa bibi. Mwaka 1925 Wabelgiji waliziunganisha Rwanda na Burundi na Congo yao kiutawala. Kwao lilikuwa shamba moja lenye vyumba viwili. Mwami Musinga alipowakatalia walimwondoa mwaka 1931, na baadaye wakampeleka Moba, kule Congo, alikofia. Kuanzia 1937 wakaanza kuhamisha familia kutoka Rwanda kwenda Masisi: Rwanda, walisema, imejaa na ina njaa, na mashamba ya Kivu yanataka mikono. Kazi hiyo iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1950. Lori la bibi lilikuwa mojawapo. Na Wahunde waliokuwa wenye ardhi ile, nani aliwauliza? Hilo nalo limebaki kwenye vifua vya watu mpaka leo.

Congo ikapata uhuru Juni 1960, Rwanda Julai 1962. Siku hizo bibi alikuwa shambani analima maharage. Akaamka yuko nchi moja na kaka zake nchi nyingine.

Sheria ya 1972 ikasema waliofika kabla ya 1950 ni raia. Sheria ya 1981 ikafuta hiyo, ikataka mababu wawe walikuwepo Agosti 1885, siku ambazo mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ndiyo kwanza anatangaza dola lake la Congo. Fikiria unatafutiwa uraia katika tarehe ya mkoloni. Na hapo hatuwezi kumlaumu Mzungu peke yake, jamani. Walioandika sheria ile walikuwa Wakongomani wenzetu, na waliochoma nyumba za wazazi wetu walikuwa majirani tuliokopeshana nao chumvi. Mwaka 2004 sheria ikasogezwa mpaka 1960, lakini wakati huo sisi tulikuwa tumeshazaliwa kambini.

Ndiyo maana mama wa dada yetu alisema Masisi. Tulimuuliza. Akajibu, "Mulitaka niseme nini? Kule ukisema Rwanda, wanakufukuza. Nilizoea." Hakumdanganya afisa. Alirudia jibu lililomweka hai miaka mingi.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunajua fomu ina nafasi moja tu na nyuma yenu kuna foleni. Tunaomba tu, mkikuta majibu mawili, mwulize mwaka kabla ya kuuliza nani anadanganya.

Tumemwandikia dada barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe hizi na jina la Gishari, aipeleke. Ameambiwa arudi mwezi ujao. Bibi anasema atakuja naye kutoka Kiziba akajieleze mwenyewe. Magoti yake hayataki, na kibali cha kutoka kambini bado hajapata. Nauli tumeshaanza kuchanga.