Shika Kigasha

Tuliitana somo kwa sababu wazazi wetu, wa kwake Ujiji na wa kwangu Kasulu, walitupa jina moja. Siku nilipoanza kazi melini, mwaka 1982, serahangi aliita jina hilo tukaitika wawili. Mwenzangu akageuka, akanitazama kuanzia viatu vyangu vipya hadi kitabu cha stakabadhi nilichokibana kwapani, akasema, "Basi wewe ni somo yangu. Atakayetangulia atamwachia mwenzake jina." Alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili. Ameniachia tangu mwaka 2004.

Mimi nilikuwa karani wa tiketi katika meli hiyo ya ziwani, Liemba. Yeye alikuwa baharia, na kazi yake ilikuwa mlangoni. Asiyewahi kusafiri na meli ile hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Wakati wetu, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, kule Zambia, gati za kufungia meli zilikuwa tatu tu: Kigoma yenyewe, Kasanga na Mpulungu. Kwingineko kote, Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kipili, meli ilisimama majini na kupiga honi, na kijiji kikaamka. Maboti na mitumbwi vilitoka ufukoni kwa kishindo, kila chombo kikitaka kiwahi ubavuni. Hapo ubavuni, chini karibu na maji, palikuwa na mlango. Waliokuwa wakishuka walishukia hapo hapo walipopandia wanaopanda, pamoja na magunia ya dagaa, madumu ya mawese, kuku, magodoro, wagonjwa na maharusi. Mtumbwi ulipanda na wimbi, ukashuka na wimbi. Baharia alisubiri upande, akainama, akamvuta mtu ndani.

Mabaharia wengine walishika viganja. Somo hakushika kiganja cha mtu hata siku moja. Alishika kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, akamwambia yule mtu naye ashike chake, mikono miwili ikafungana kama kamba iliyopigwa fundo. "Kiganja kina mawese, kina maji, kina magamba ya migebuka," alinieleza. "Kitakuteleza. Kigasha hakitelezi." Kisha alimvuta mtu wakati wimbi linapanda, si linaposhuka, hivi kwamba ziwa lenyewe ndilo lililomnyanyua na Somo akampokea tu. Nimemwona akimpandisha bibi kizee wa Karema bila khanga yake kulowa.

Sasa niseme lile ambalo sikuwahi kumwomba radhi ipasavyo.

Ilikuwa Lagosa, usiku, na upepo ulikuwa umechafuka. Tulitoka Kigoma saa kumi jioni kama kawaida, na tulipofika pale ilikuwa karibu saa sita usiku. Mimi nilisimama nyuma ya Somo na tochi na kitabu changu. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimekaripiwa safari iliyotangulia kwa abiria waliopotelea sitahani bila kulipa, na niliapa halitatokea tena. Mwanamke mmoja alisimama katika mtumbwi na mtoto mchanga. Alimnyanyua mtoto kwanza, Somo akampokea kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia kwa mama. Nami nikapiga kelele kutoka nyuma: "Nauli kwanza! Nauli mkononi!"

Yule mama akasita. Akaurudisha mkono, akainama kufungua pindo la khanga alimofunga pesa. Wimbi likaja, mtumbwi ukaachana na meli. Ulikwenda hatua mbili, kisha kumi, kisha tochi yangu haikuufikia tena. Tulisikia sauti yake tu. Maboti mengine yalijaa pale mlangoni na mpiga kasia hakuweza kuupenya msongamano. Nahodha, asiyejua lolote, akapiga honi ya kuondoka.

Somo hakunitazama. Alinikabidhi mtoto, akapanda ngazi mbio na miguu yake mitupu, na baada ya muda mfupi nikaisikia mitambo ikipoa. Aliporudi alinipokonya tochi mkononi akawa anamulika juu juu, kama mtu anayepunga, huku akiita, "Mama, tupo! Mama, hatuondoki!" Sijui tulikaa vile dakika ngapi. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, ana joto kama mkate, na nilikuwa natetemeka. Mtumbwi ulipotokea tena gizani, Somo alilala kifudifudi kwenye kizingiti cha mlango, akanyoosha mkono mpaka bega likatoka nje ya meli, akakipata kigasha.

Nauli ya mama yule aliilipa yeye. Hakunishtaki kwa serahangi wala kwa nahodha. Kesho yake mchana, tukila ugali na kuhe, alisema tu, "Somo, mtu kwanza, halafu tiketi." Nikajibu, "Haya." Ndiyo radhi yote niliyoitoa, neno moja, na mdomo umejaa chakula.

Alipenda kunisimulia habari za meli yenyewe, na sehemu aliyoipenda haikuwa ile wanayoipenda wageni. Wageni walitaka vita: kwamba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande na kuletwa katika makasha 5,000, na kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili Waingereza wasiipate. Yeye alipita hayo upesi ili afike kwenye grisi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo bado ni mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Fundi yule aliamriwa aizamishe," Somo alisema, "lakini mkono wake haukukubali ife." Alilisema hilo mara nyingi sana, na kila mara aliutazama mkono wake.

Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulikodi meli kuwarudisha kwao wakimbizi waliokimbia vita Zaire. Miezi mitano, safari 22, Kigoma na Uvira. Hakukuwa na tiketi za kuuza. Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama tu, sina la kufanya, Somo akaniita, "Njoo uwapokee wenzio." Wazee walipanda wakiwa hawana nguvu ya kuinua unyayo. Nilishika kigasha cha mzee mmoja, kikavu, chepesi, nikasubiri ashike cha kwangu, naye akashika. Nilikuwa na miaka kumi na mitano kazini na siku ile ndipo nilipompandisha abiria wangu wa kwanza.

Somo alistaafu miaka miwili baadaye. Alipofariki tulikuwa Kasanga tukipakia mahindi. Habari zilinifikia hapo, na meli haina njia ya mkato. Niliporudi Kigoma ilikuwa siku ya tatu tangu azikwe. Nilikwenda Ujiji moja kwa moja na mfuko wangu wa safari. Mjane wake alinikaribisha ndani, "Shemeji, pole, jina limebaki kwako," kisha akaniambia jambo ambalo Somo alimkataza kulisema akiwa hai. Bega la kulia lilikuwa limekufa. Miaka minne ya mwisho mkono ule haukuweza kunyanyua kikombe. Kanzu alivalishwa. Chakula alilishwa chumbani, mlango umefungwa, ili asionekane akila kwa kushoto.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, miezi michache kabla, nilimkuta amekaa chini ya mwembe. Nilimpa mkono. Akanipa wa kushoto. Nilishikwa na uchungu, maana kwetu hilo si jambo dogo, na nikajiambia kwamba kumbe bado ana kinyongo nami cha usiku wa Lagosa. Nilikunywa chai yangu haraka, nikaaga. Alisimama akanisindikiza polepole hadi barabarani, akiniuliza habari za meli, nahodha mpya, bei ya mawese Kalya, mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa kanzu.