Tuta la Nne

Wasee, wale walimu waliotuhesabisha mizani sekondari hawakuwa wazimu. Walisahau tu kutuambia inahesabiwa ya nini.

Mimi nilijua nikiwa nyumbani Kambu, miezi 3 baada ya kuacha chuo. Mama alidhani ni likizo ndefu. Usiku silali, nasikiliza malori ya Mombasa Road. Kwa simu nikaangukia mtu anasoma Al-Inkishafi, shairi la dini la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Kitu ya kama miaka 200. Nilitaka kupita, sikupita.

Kiswahili chake ni cha kule kaskazini mwa Pwani, nusu sikushika. Lakini sikio lilishika. Ubeti una mishororo 4, kila mshororo mizani 11: unavuta 6, kapumzi, unamalizia 5. Mitatu ya kwanza inafanana vina. Wa nne unajitenga, unaishia na "ye". Ubeti ufuatao vina vinabadilika, ila wa nne ni "ye" tena. Ni kama lori linaloteleza vizuri halafu linagonga tuta. Unajua tuta liko hapo, na bado unashtuka.

Na jamaa anaongea na nani? Moyo wake. Anaugombeza mbona hausikii. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate: vidaka vya kupangia sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Wenyewe wako wapi? Anauliza wako wapi tena, na tena. Mwanzo nilidhani amekwama, kama mimi nikirekodi video. Baadaye nikajipata najibu.

Kwa hivyo mtu asiniambie kurudiarudia ni uvivu. (Nyinyi wenyewe mnameza kibwagizo kimoja mara 30 kwa wimbo wa dakika 2, tusidanganyane.) Kitu kikisemwa mara moja, unakitoroka. Kikirudi na kina kilekile, utatorokea wapi?

Sisi si Waislamu, mama ni mtu wa kanisa kabisa. Asubuhi nikamchezea kipande akichagua ndengu.

"Huyu analilia nini?"

"Anauuliza moyo wake maswali."

"Na unamjibu?"

Akaendelea kutoa vijiwe. Nikasema, "Mama, chuo niliacha."

Akaweka ungo chini. "Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Tangu lini?" akauliza tena.

Nikamwambia tena.